Jina Lililorukwa

Shangazi Sekalinga ananiita kwa jina la mama,
mama anamwita kwa jina la ng'ombe aliyekufa mwaka wa njaa,
na juzi alikaa jikoni akauliza jiko liko wapi.
Lakini leo, Kidabaga, katika ukungu huu
ambao hata kondoo mweusi tunamjua kwa kikohozi,
ni yeye aliyekabidhiwa kibuyu.
Hakuna mwingine anayeyajua majina yote.

Tumevua viatu. Umande unauma vidole.
Unga wa ulezi uko kwenye ungo,
ulanzi ni mtogwa, wa alfajiri, una utamu wa kitoto.
Wanaume walitaka mkangafu. Shangazi alikataa:
wafu hawalewi, wanaonja tu.
Baba mdogo Zabroni, mzee wa kanisa,
amesimama nje ya ua wa makaburi na mwavuli wake.
Hayupo, anasema. Anapita.

Shangazi anapiga goti.
Mudemu. Tone.
Kiponza, uliyevuka Ruaha na mbegu kinywani. Tone.
Lugala wa mguu mmoja. Tone.
Mfilinge, na mkeo aliyekushinda kulima,
kunyweni wote wawili, msigombane.
Sauti imenyooka, uzi kwenye tundu la sindano.
Kisha anafika kwa babu yetu,
anavuta pumzi,
anaruka.

"Dada! Umemsahau Galinoma!"
Ni yule asiyekuwepo, anapaza sauti kutoka nje ya ua.

"Sijamsahau," anajibu bila kugeuka.
"Aliuza mianzi yetu yote, shina kwa shina,
akanunua redio ya betri sita.
Masika matatu tuliomba ulanzi kwa majirani.
Sijamsahau. Nimemwacha."

Tukacheka kwa pua, kwa heshima ya mahali.
Kondoo akakohoa.
Mbele ya nyumba ngoma zikaanza kukanzwa motoni,
shingo ikaenda kwa wajomba, ngozi kwa mtambikaji,
na shangazi, mikono bado ina unga,
akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Usiku niliiba kizibo cha chupa kilichojaa,
nikashuka makaburini kwa tochi ya simu.
Kichwani pa Galinoma udongo ulikuwa umeshalowa,
si kwa umande: ulinukia mwanzi.
Na kando yake, kwenye tope,
tundu dogo, duara,
la ncha ya mwavuli.

Nikamwaga changu hapohapo.
Nikazima tochi.