Yatosha?

Mia nne na themanini.
Tarakimu tatu kwenye kioo cha kompyuta,
saa tano na robo usiku, Coimbatore,
na feni ya darini inalikatakata joto
bila kulipunguza.

Nikabonyeza tena, kama mtu anayepiga simu
kwa namba aliyokwisha kuambiwa haipo.
Mia nne na themanini.
Shule ya biashara niliyoiandika kwa wino mwekundu
haimfungulii mlango aliye chini ya mia sita na arobaini.
Nikaigeuza ile karatasi, ikatazama ukuta.

Wiki mbili nikapiga majaribio, moja juu ya jingine,
Jumamosi moja, Jumapili mawili,
kana kwamba mgonjwa hupona
kwa kupimwa homa kila saa.
Mia nne na tisini. Mia nne na sabini.
Mama mwenye nyumba, Visalakshi, akipita na kahawa
huniuliza lile analomuuliza kila mtu:
"Umekula?"
Nami nasikia: "Umefaulu?"

Kiwandani tunatengeneza pampu za maji.
Yangu ni meza ya mwisho:
najaza, nafunga, napandisha shinikizo,
nasubiri dakika mbili nzima.
Mara moja tu nilipitisha pampu kwa macho.
Ilirudi kutoka Erode juu ya pikipiki,
na mkulima juu yake, kimya, ameipakata.

Poongodi wa meza ya pili
aliiona karatasi yangu wakati wa chai.
Mtihani wenyewe haujui, wala hauutaki.
Alihesabu alama nyekundu kwa ncha ya bisibisi.
"Umekosa thelathini na moja. Haya. Wapi?"
"Kila mahali."
"Hakuna pampu inayovuja kila mahali,"
akasema, akalamba sukari kidoleni,
akarudi kwenye mashine yake.

Usiku ule sikufanya jaribio.
Nilifungua daftari la kiwanda,
lenye safu zilizokwisha kupigwa mistari:
namba, panapovuja, sababu, fundi.
Safu ya fundi niliijaza kwanza, jina langu,
Elango, Elango, Elango, hadi chini.

Swali la nne: nilijua, nikaharakisha.
La tisa: neno "isipokuwa"
nililiruka kama dimbwi.
La kumi na mbili, uwiano: hapa sijui.
Kwa kweli sijui, tangu darasa la saba,
mwalimu Arumugam naye alinipitisha kwa macho.

Na yale maswali ya ajabu, yasiyotaka jibu,
yanayokupa taarifa mbili na kuuliza tu:
je, hizi zatosha?
Kumi na moja yalivujia hapo.
Ama nilikokotoa hadi tone la mwisho,
nikitafuta kwa jasho umri wa baba
ambaye hakuna aliyeuliza umri wake,
ama taarifa ya kwanza ilinitia matumaini
nikaweka sahihi.

Nikacheka peke yangu, feni ikisikiliza.
Miaka sita nalipwa mshahara
nisiseme "tayari" kabla ya dakika mbili.

Basi, maswali kumi na tano kila alfajiri, si mia.
Uwiano nafundishwa na Kathir wa jirani,
yuko darasa la nane, hulipwa kwa murukku,
na hunigombeza kwa sauti ya mwalimu mkuu.
Wiki nyingine daftari halijai kitu.
Wiki nyingine kosa nililolizika mwezi wa pili
linafufuka likiwa na viatu vipya.

Jana, mwezi wa tano: mia tano na tisini.
Haifiki. Nimepima, haifiki.
Lakini sasa najua panapodondoka,
na najua kwa sauti gani.
Karatasi ya wino mwekundu nimeigeuza tena
ili tutazamane.

Visalakshi akapita na kahawa.
"Umekula?"
Nikalisoma swali hadi mwisho wake,
nikajibu lililoulizwa:
bado.