Pumzi ya Silinda

Kerezo hili lilipandishwa Mabatini na wanaume saba
na gogo la mkaratusi, mwaka ule kiwanda cha pamba
kilipofunga geti na kuuza mashine zake kwa kilo.
Baba hakuwa na sakafu ya zege. Alikuwa na jiwe,
jiwe lile lile lililobeba nyumba.
Akalitoboa, akakaza bolti nne, akasema:
"Hili halitikisiki. Ukiona mtikisiko, ni wewe."

Baba hayupo. Jiwe lipo.
Nami Nyanzala nakereza nyuma ya jiko,
kati ya ndoo na masufuria.

Jumatano akaja Bwire wa Ukerewe
na pampu ya kumwagilia nyanya, ameifunga kwenye kanga ya mkewe.
Silinda ya shaba nzima. Pistoni imeliwa na mchanga,
inacheza ndani kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
"Nichongee nyingine. Narudi na meli ya Ijumaa."

Nilipima silinda mdomoni, kiunoni, chini.
Kiunoni imepanuka kwa robo ya unywele.
Nikaisugua kwa kijiti cha mwarobaini, unga wa msasa na oili,
mbele, nyuma, nikizungusha,
mpaka kukwaruza kukageuka kunong'ona.

Kisha pistoni. Umeme ulikuwa umerudi saa mbili usiku
na sikuuamini, basi nikakimbia nao.
Nyuzi za chuma zikamwagika zikiwa buluu,
nikapima papo hapo, nikachomeka. Ikaingia tamu!
Nikaenda kulala na sifa zangu.

Alfajiri ikatumbukia ndani kama kokoto kisimani.

Chuma cha moto ni mgeni aliyeshiba:
kimevimba, kinakubali kila unachosema.
Ngoja kipoe ndipo mpatane.
Baba aliniambia haya, nina miaka kumi na miwili,
nikadhani anazungumzia ugali.

Alhamisi, kipande kipya.
Nikakiacha kinene kwa nusu unywele, nikazima mashine.
Nikafua. Nikachambua dagaa.
Jioni usubi ukainuka ziwani kama moshi usio na moto,
nikafunika kerezo kwa shuka la kitandani,
maana kwenye kazi hii mdudu mmoja ni mlima.

Usiku wa manane, chuma kimepoa kama jiwe chini yake,
nikanoa kisu, nikanyoa mara ya mwisho.
Haukutoka uzi. Lilitoka vumbi tu,
kama unga wa ulezi kwenye ncha ya kidole.
Nikafuta, nikapaka oili, nikachomeka.

Haibani. Hailegei. Jina lake silijui.
Baba aliita heshima:
nafasi ya mafuta kupita, na maji yasipite.

Ijumaa Bwire hakukaa hata kwenye kigoda,
bei alishaikata nusu akiwa bado mlangoni.
"Siku mbili, mama, kwa kijichuma hiki?"

Sikujibu. Nikamshika gumba,
nikaliziba nalo tundu la chini,
pistoni nikaiachia juu.

Ikashuka kidogo, ikasimama.
Haikushikwa na kitu. Imeketi juu ya hewa,
hewa hii hii ya Mabatini yenye harufu ya dagaa na mkaa.
"Toa kidole."
Ikazama polepole, haaa,
kama mtu anayevua viatu baada ya safari.

Bwire akaipandisha. Akaziba. Akaachia.
Akaipandisha tena.
Kule bandarini honi ikalia mara ya kwanza.
Mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi,
ameinamia silinda, sikio lake karibu na mdomo wake.

Nikamwambia: Bwire, meli.

Akasema: mara moja tu.