Namba ya Injini

Kadi inasema: silinda sita, rangi ya kijivu,
na namba ndefu inayoanza na H.
Nimelala chalali chini ya gari na tochi ya simu,
nimesugua bloku kwa mswaki na mafuta ya taa
mpaka chuma kikaonyesha meno:
namba nyingine. Fupi. Ya Kijapani.

Mama, nikasema, gari hili linaidanganya serikali.
Hakuinua macho kwenye ungo wa mbaazi.
"Gari hilo limeoa mara nne.
Kadi inamjua mke wa kwanza tu."

Stadibeka ya baba, piki-apu, pua kama ya nguruwe.
Kiwanda kilichoizaa huko Marekani
kilifunga milango nikiwa bado nabebwa mgongoni;
hakuna wa kumwandikia barua akutumie gasketi.
Hapa Nachingwea ikazeeka bila ukoo,
ikila vya majirani.

Kwetu hatukuhesabu miaka.
Dada Somoe, injini ya kwanza.
Mimi, ya kwanza pia, mwishoni mwishoni.
Pacha wasiokaa, Bedford.
Bati la nyumba, Pijo, msimu ule korosho zilipolipa.
Na baba tulimzika Tayota.

Nikaanza kurudi nyuma, kama mtu anayefuata tone la mafuta.

Tayota ilikuwa rahisi: risiti ipo,
Staut iliyopinduka njia ya Mnazi Mmoja,
injini nzima, dereva hapana.

Pijo ilitoka kwenye gari la mwalimu mkuu.
Haikukaa, ilikuwa ndogo, ikichezacheza humo ndani
kama mtoto kwenye kanzu ya babu yake;
Fundi Chitanda akaichongea vishikizo
kwa chuma cha reli, ile iliyong'olewa.
Bado vipo. Nimevishika. Gari limebeba kipande cha treni
na halijui.

Bedford ilikuwa nzito mno.
Springi za mbele zikalala,
taa zikawa zinatazama chini kama bi harusi,
na baba usiku aliona matairi yake tu.

Ya kwanza, kila mtu alinipa jibu moja:
ilikufa Lukuledi, mwaka wa mvua nyingi.
Ilikufa. Niliamini, maana hata baba alisema hivyo,
na baba alikuwa hasemi mara mbili.

Nikaenda Masasi kwa Fundi Nambole,
vidole vyake vitatu, kazi ya vidole kumi.
"Ilikufa? Nani kakwambia?
Niliifungua bado ya moto. Iliniunguza hapa."
Akanionyesha.

Chiungutwa, nyuma ya mashine ya kusaga iliyokwisha nguvu,
nikaikuta imefungwa boliti kwenye zege,
kuku kaatamia palipokuwa na kabureta.
Nikamsogeza kidogo. Akanidonoa.
H, kisha zile tarakimu zote, hata moja haijafutika.

Bi. Adija, mkwe wa mwenye mashine,
akatoa daftari lililoliwa na mchwa pembeni:
Injini moja, nzima, inaunguruma. Taslimu.
Machi, tarehe tisa.

Nina cheti cha hospitali ya Ndanda.
Nimekibeba tangu utoto bila kukisoma sana:
utumbo, operesheni, damu chupa mbili.
Machi, tarehe kumi na moja.

Nilirudi na vumbi hadi kwenye kope.
Fomu iko mezani, kisanduku chake upana wa kidole gumba,
wino umeanza kukauka kwenye ncha ya kalamu.

"Umeipata?" mama akauliza.
Nimeipata.

Akatupa jiwe dogo la mbaazi kwa kuku.
"Andika hiyo ya Kijapani. Ndiyo inayolipiwa."
Nikaandika.

Kisha, nilipodhani ameshasahau:
"Ilikuwa na sauti nzuri, ile.
Ukiwa tumboni ulikuwa unatulia ikiwashwa."