Komeo

Bunduki ya babu niliiviringisha katika blanketi la mbwa,
nikailaza kiti cha nyuma kama mgonjwa,
nikaendesha toka Birmingham hadi Ludlow
mvua ikiparura kioo.

Ukumbini walinipa namba: mia mbili na kumi na mbili.
Mthamini, Bwana Rudkin, alivaa glavu nyeupe,
akasoma ubavuni: J. Pocklin, Ludlow.
"Pocklin," akasema, "alikuwa muuza misumari.
Misumari, ndoo, mitego ya panya.
Pauni mia sita. Mia saba, ukumbi ukichangamka."

Jirani yake, mia mbili na kumi na tatu,
ililala katika kasha la ngozi lenye bitana ya mahameli.
Averill na Wanawe, London:
herufi za dhahabu zilizojipinda kama masharubu.
Elfu thelathini, kwa kuanzia.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Hawakuwahi kukaa safu ya tatu pale Ludlow
wakaona chema kikikohoa, kikiomba radhi,
kikitafuta jina la kuazima.

Nilimwomba Rudkin azibandue zote mbili.
Alinitazama kama aliyeambiwa avue suruali. Akazibandua.
Mitutu ikatoka, na chini yake, mahali
pasipoonwa na mwenye bunduki wala na ndege,
herufi mbili, ndogo kama mayai ya chawa.
E.H. kwenye ya Pocklin.
E.H. kwenye ya Averill.

Enoch Haddleton, mzaa mama.
Uani, nyuma ya kiwanda cha vifungo,
kidirisha kimoja na tupa arobaini.
Hupaka chuma masizi ya taa, hubana, hubandua,
hutazama masizi yamefutika wapi,
hukwangua upana wa pumzi. Hupaka tena.
Jumamosi kijana wa mkokoteni huja kubeba:
hii ya London, hii ya Ludlow.
Mpishi mmoja, chungu kimoja, sahani ndizo mbili.
Na ujira sawa kwa zote;
babu aliona ni haki, bibi aliona ni tusi.

"Hiyo ni alama ya fundi," Rudkin akasema, "si jina."
Akaandika kitu daftarini, akakifuta.
"Inapendeza. Ila mnunuzi hanunui upande wa chini."

Sikubishana. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja,
najua sufuri ikikaa kulia kwa tarakimu inavyoitajirisha,
na jina ni sufuri ya namna hiyo:
peke yake haliangushi hata kware.

Nyundo ikagonga.
Ya babu: mia sita na arobaini.
Nyundo ikagonga.
Ya babu: elfu thelathini na nne.

Kabla hawajaifungia kashani niliomba kuishika ile ya pili.
Nikaifungua. Nikaifunga.
Mlio ule, hata si mlio,
ni kama mtu aliyemeza neno alilotaka kusema.
Niliujua.
Ni komeo la kabati letu la jikoni,
alilolichonga kwa mabaki ya chuma cha matajiri
ili bibi asiamshe watoto akitoa sukari alfajiri.
Miaka tisini sasa. Halijalegea.
Nyumba imebomolewa, kabati nikahama nalo.

Mnunuzi, kijana wa Antwerp mwenye saa nzito,
akaniuliza kama nami ni mkusanyaji.
Ninayo moja tu, nikamwambia, nyumbani.
"Ya nani?"
Nikalitaja jina, lote, polepole,
kama ninavyoita mahudhurio darasani.
Akakunja uso, akatafuta kichwani, hakulikuta.
"Na inafanya kazi bado?"
Kila asubuhi, nikasema,
nikaweka blanketi la mbwa begani, nikatoka mvuani.