Kitako Kipya

Tuvako Kihwele ameiweka mezani,
juu ya gunia la mbolea lililofuliwa,
na ukungu wa Igowole umeingia nasi ndani
bila kubisha hodi.

Mitutu miwili, ubavu kwa ubavu,
chuma kilichosukwa kama kikapu cha milulu:
ukiisogeza dirishani unaiona michirizi,
hapa nyeusi, hapa rangi ya moshi.
"Ya babu mzaa baba," anasema. "Lakini si ile ya babu.
Fundi wa Iringa mjini ameingiza mirija mipya ndani,
pini mpya, springi mpya,
na kitako amekichonga upya, mninga mtupu.
Sasa inakula risasi za leo bila kukohoa."

Milioni mbili na laki sita.
Ng'ombe wa maziwa, na mtamba wake.

Ya kale ni dhahabu, walisema wahenga.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga haohao.
Sasa hiki, cha kale kilichotiwa upya,
walikiachia methali gani?
Au siku hiyo ulanzi ulikuwa mtamu mno?

Nimeipinda kwenye bawaba. Imefunguka
kama mlango wa mtu aliyekuwa akikungoja.
Nimechungulia: miduara miwili ya mwanga,
na ndani ya mmoja, mbali, kuku wa Tuvako anachakura.
Nimeiweka begani. Imenikaa.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana hesabu tulishaifanya nyumbani, mimi na Sikujua,
kwenye daftari la mtoto, nyuma ya jedwali la saba.
Nguruwe pori wanatoka kwenye misonobari;
mwaka jana walitumalizia gunia tisa.
"Gunia tisa," alisema. "Bunduki yako itakula arobaini,
hapo bado muhtasari wa kijiji, bado polisi,
bado sanduku la chuma, bado soda ya kila mwenye muhuri.
Na nguruwe hawasubiri muhtasari.
Niambie ukweli, baba Yuditha:
ni ya nguruwe, au ni ya kutazamwa?"

Sikumjibu. Ningemwambiaje
kwamba nikiwa na miaka kumi nilimbebea mjomba Mgovano
maganda ya risasi yangali moto,
nikayanusa njia nzima,
na tangu siku ile hakuna harufu nyingine
iliyowahi kuniita mwanamume?

"Kitako cha zamani kiko wapi?" nimeuliza.
Tuvako amecheka, akaonyesha kwa kidevu.
Kiko mlangoni, kinazuia upepo.
Kimepasuka, mchwa wamekila upande mmoja;
upande wa pili, laini kama sabuni iliyotumika,
pana bonde dogo:
shavu la mtu, miaka sitini.

Nimekiokota. Nimekilaza shavuni.
Si langu bonde lile.
Mfupa wake ulikuwa mpana kuliko wangu.

Kalamu iko mezani.
Kuna mtu wa Mafinga anakuja Jumamosi, anasema Tuvako,
ana fedha mkononi.
Kila muuzaji ana mtu wake wa Mafinga.

Nimesema nitarudi Ijumaa.

Usiku huu niko kibandani na debe langu na rungu,
baridi inatafuna vidole,
na kule gizani, ukingoni mwa misonobari,
bua la kwanza linavunjika.
Sikujua anakohoa ndani.
Nanyanyua debe.
Bega la kulia bado lina uzito wa kitu
ambacho sijakinunua.