Kidole Gumba cha Kushoto

Alikuja Alhamisi.
Mlango ulikuwa na kufuli, na mvua ya Grimsby,
ile isiyonyesha wala isiyokoma,
ilikuwa imemlowesha mpaka kope.
Mimi nilikuwa napita tu, natoka zamu ya usiku,
mikono ingali inanuka samaki wa kiwandani,
nikamkuta ameinua simu mbele ya kufuli
kama mtu anayelionyesha hati.

"Saa zimeandikwa," akasema. "Saa nne mpaka saa sita.
Siku sikuiona. Nikadhani kila siku."

Nikaishika simu. Kioo kimepasuka pembeni.
Saa zilikuwepo.
Jedwali letu lilikuwa pana kuliko kiganja chake,
na neno Jumanne limeangukia nje, upande wa kulia,
huko kusikofikiwa na kidole
cha mtu aliyepakata mtoto.
Nepi zilikuwa ndani, rafu ya pili, nazijua.
Ufunguo alikuwa nao Glenys, na Glenys yuko kwa dada yake, Leeds.

Tovuti ile tuliizindua kwa keki.
Ilipimwa kwa kompyuta ya Glenys, pana kama meza ya kukatia nguo,
na juu kabisa tukamweka meya na mkasi wake na utepe.
Meya peke yake alimaliza bando la siku nzima
kabla hujajua tunagawa nini.

Nikadhani ni kazi ya kupunguza,
kama koti la baba kupewa mtoto.
Kumbe koti likipunguzwa hivyo, mifuko hubaki magotini.
Ikabidi nifumue.

Jedwali nikalivunja: siku juu,
saa chini yake, kisha mtaa,
kisha namba inayojipiga ukiigusa.
Menyu ya pembeni, milango kumi na minne,
mmoja "Historia Yetu," mwingine "Historia Yetu Inaendelea,"
nikaikunja ikawa mistari mitatu ya kubofya.
Fomu ya kurasa tatu, ichapishwe, itiwe saini
(nani ana printa saa nane usiku?)
ikawa maswali mawili: Saizi gani? Ngapi?

Halafu nikaingia jikoni, nikazima taa,
nikapakata unga kilo mbili na sukari kilo tatu
kwa mkono wa kulia,
simu nikaiachia kidole gumba cha kushoto.
Kitufe kilikuwa kama punje ya mtama. Nikakikosa mara tatu.
Nikakikuza. Nikakikosa mara moja.
Nikakikuza tena, nikakishusha chini,
pale kidole kinapolala chenyewe.
Unga haukuamka.

Kwenye kikao Glenys akaifungua kwenye kompyuta yake.
"Mbona tupu hivi? Meya yuko wapi?"
Roy, mweka hazina, akacheka ndani ya kikombe.
Sikubishana. Nikamwomba atoe simu yake mwenyewe,
na ule mkoba wake mzito aushike mkono mwingine.
Akaishusha miwani. Akabofya.
Simu ya ofisini ikalia, nyuma yetu, juu ya kabati.
Tukaiacha ilie kidogo.
"Haya," akasema Glenys. "Lakini meya arudi chini kabisa."
Meya yuko chini kabisa, mdogo, mwepesi, bado na mkasi.

Jumanne walikuja kumi na saba.
Yeye sikumwona. Labda mtoto amehamia saizi nyingine,
labda wamehama mji,
labda alikuja nikiwa nyuma nafungua maboksi.

Alhamisi nikapita njia ileile makusudi.
Kufuli lipo, mvua ipo.
Kizingitini hapana mtu.
Nikasimama nikakitazama kile kizingiti kitupu
kama mwingine anavyotazama picha ukutani,
kisha nikaenda kulala.