Safu ya Sababu

Daftari la vifo, Mbalizi, ukurasa wa arobaini.
Safu ya sababu ni nyembamba, upana wa kidole;
humo naandika "ajali". Neno linaenea.

Ambakisye, miaka tisa: kisima kisicho na mfuniko.
Bibi Tumwanukye: jiko la mkaa, blanketi, baridi ya Julai.
Utingo wa lori la viazi, jina bado:
breki ziligoma mteremko wa Iwambi.

Mama Ambakisye alisimama dirishani,
akalisoma daftari kichwa chini, herufi kwa herufi.
"Ajali haina kinga," nikamwambia, kwa mazoea.

"Mfuniko," akasema, "ni mbao tatu.
Tuliuomba tangu masika ya mwaka juzi."

Nikachukua kalamu. Nikaandika pembeni,
nje ya mstari:
mbao tatu.